UZI: Likizo ya kuvua na bibi, babu na wajukuu. Loji ya Ziwa Jipe au nyumba ya kando ya kriki ya Mtwapa?

MamaKisauni
Assalamu alaikum nyote. Familia yetu inapanga likizo ya siku nne, watu 11: bibi na babu (wote wamepita miaka 70, babu anatembelea mkongojo), watu wazima watano, na watoto wanne wa miaka 5 hadi 13. Kitu ambacho kila mtu amekubali ni kuvua. Wengine wanataka loji kule Ziwa Jipe, wengine nyumba ya kupanga yenye gati lake kriki ya Mtwapa, upande wa Shanzu. Wanaojua naomba mnieleze: twende wapi, mwezi gani, tubebe nini, na mambo gani huharibika. Bei nitaulizia mwenyewe.

NjiaYaTaveta
Waalaikum salaam dada. Nianze na Jipe, maana kwa familia yako jibu lake ni fupi.

Kutoka Mombasa hadi Voi ni kilomita 150 na ushei, kisha Voi hadi Taveta kama 110 nyingine za lami, halafu vumbi mpaka ziwani. Sehemu ya ukingo iko ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi, kwa hiyo ada za KWS (shirika la wanyamapori) mlipe kupitia eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, kabla ya kufika getini. Mandhari yake hayana mfano: Milima ya Pare mbele yenu na, asubuhi isiyo na mawingu, Kilimanjaro. Samaki ni perege na kambare. Perege ana mdomo mdogo, kwa hiyo ndoana namba 8 au 10 na nyungunyungu. Kambare anataka namba 1/0 na kipande cha samaki kilichowekwa chini kabisa, jioni.

Tatizo ni ukingo. Ziwa ni la kina kifupi na limezungukwa na matete mazito, kwa hiyo kurusha mshipi ukiwa nchi kavu ni shida, lazima boti. Na humo mna viboko na mamba. Mtoto wa miaka 5 hawezi kuachwa hata dakika moja kando ya maji yale. Zaidi ya hayo, maji baridi yaliyotulia yenye konokono ni hatari ya kichocho, kwa hiyo hakuna kuchovya miguu. Bibi na babu watakaa barazani siku nne wakitazama wengine wakienda. Chala nayo usiifikirie: ziwa liko ndani ya kreta na njia ya kushukia ni mwinamo mkali wa mawe. Si ya mkongojo.

Nenda Mtwapa. Jipe wapelekeni vijana siku nyingine.

NahodhaWaHori
Naunga mkono. Sasa mwanangu nikwambie jambo ambalo familia nyingi hulisahau: usikodi nyumba kwa kuangalia kalenda ya ukutani. Angalia mwezi wa angani kwanza, ndipo ulipe.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa husogea mbele kiasi cha dakika 50. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, siku moja au mbili baadaye ni bamvua. Siku hizo bandarini Kilindini tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita tatu na nusu. Mwezi nusu, yaani kuanzia tarehe 7 au 8 na tarehe 22 au 23 za mwezi wa Kiislamu, ni maji mafu, tofauti huwa mita moja na kidogo tu.

Hapa kwetu bamvua ina saa zake. Maji hujaa saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na hukupwa kabisa mnamo saa 4 na saa 5 asubuhi. Maana yake ni kwamba saa ile ambayo wazee wameshaamka, wamekunywa chai na wako tayari, boti limekaa mita tatu chini ya gati na ngazi ina ukoga wa kuteleza. Babu mwenye mkongojo hashuki pale. Hata akishuka, ngazi za chini zimejaa chaza wenye makali.

Maji mafu ni kinyume chake. Maji hujaa saa 4 hadi saa 5 asubuhi. Boti linakaa karibu usawa wa gati, mtu anakanyaga na kuketi. Mnatoka saa 2 maji yakipanda, mnarudi saa 4 na nusu yakiwa yamejaa, na jua halijawa kali.

Jinsi ya kukadiria mwendo wa maji bila simu: gawanya tofauti ya siku hiyo mara 12. Saa ya kwanza maji hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua ya mita 3.6, ile saa ya tatu na ya nne yanapanda sentimita 90 kila moja. Mkondo huo humvuta mtoto na humvuta mtu mzima. Maji mafu ya mita 1.2 ni sentimita 30 tu. Majedwali ya maji ya Kilindini hutolewa na Mamlaka ya Bandari. Ndani ya hori, yaani kriki, maji hukawia kidogo kuliko Kilindini, kwa hiyo msikatishwe tamaa yakichelewa.

MshipiWaTudor
Nahodha, kwa heshima, hapo kwenye maji mafu nina neno. Wazee watapanda boti kwa raha, lakini samaki hawatakula. Changu na kolekole wanakula maji yakitembea. Maji yakilala, chambo kinalala nacho, hakuna harufu inayosafiri, na watoto wanachoka baada ya nusu saa. Mtoto asiyeguswa na samaki hata mara moja siku ya kwanza, siku ya pili hatoki kitandani.

NahodhaWaHori
Kweli tupu, sikatai. Ndiyo maana simwambii achukue siku ya maji mafu kabisa. Achukue siku nne zinazofuata, tarehe 9 hadi 12 au 24 hadi 27. Maji yameanza kushika nguvu lakini gati bado linafaa. Kadiri siku zinavyosonga saa ya kujaa inaelekea adhuhuri na baadaye kidogo, kwa hiyo siku ya kwanza mtoke mapema na siku ya nne mtoke saa 4. Ijumaa ikiangukia katikati msipange kutoka asubuhi. Manahodha wengi hawatoki hadi baada ya swala.

Kuhusu mwezi wa mwaka. Likizo ya Aprili ni masika, mvua inashusha udongo na hori linakuwa jekundu. Samaki wanasogea kwenye mlango wa bahari ambako maji ni safi, na huko si mahali pa bibi. Agosti kusi bado inavuma, inaamka asubuhi polepole na kufikia alasiri ina nguvu. Ndani ya hori mko salama kwa sababu ya kuta za mikoko na majabali, lakini nje ya mlango mawimbi yanavunjika miambani. Agosti msivuke mlango. Desemba ni bora: kaskazi imeingia, bahari imetulia, maji ni safi, na vijana wanaweza kutoka nje ya miamba na boti jingine kutafuta nguru au fulusi huku wazee wakibaki ndani.

MamaKisauni
Shukran sana, Nahodha. Desemba basi. Tunahitaji vifaa gani? Nimeona madukani kuna mishipi ya kila unene na sijui kuchagua. Na je, fimbo zenye rili ni lazima?

MshipiWaTudor
Si lazima, isipokuwa kwa bibi na babu. Nitaeleza kwa mtu na mtu.

Watu wazima na watoto wa miaka 8 kwenda juu: mshipi wa mkono. Nailoni ya milimita 0.60, mita 50, imezungushwa kwenye kibao au chupa ya plastiki ya lita moja. Utasema 0.60 ni nene kwa samaki wa nusu kilo. Unene si kwa ajili ya samaki, ni kwa ajili ya vidole. Mshipi mwembamba unakata ngozi ya mtoto samaki akivuta, na ukiloa haushikiki. Mwishoni funga kipande chembamba cha 0.35, urefu wa mita moja, hicho ndicho samaki atakiona.

Mpangilio: chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi) chini kabisa, ndoana mbili juu yake. Ndoana ya kwanza sentimita 30 juu ya chubwi, ya pili sentimita 30 juu ya ile, kila moja kwenye tawi la sentimita 15. Ukiweka ndoana chini ya chubwi, zinalala kwenye mizizi ya mikoko na chaza, na kila mtupo unapoteza vifaa. Na hili msilikose: chubwi lifungwe kwa uzi dhaifu zaidi, 0.25. Likinasa, uzi ule unakatika wenyewe, mnapoteza chubwi tu na ndoana zinarudi.

Uzito: maji yakiwa karibu kulala gramu 30 zinatosha, yakitembea, 60, saa ya tatu na ya nne, 100. Ukihisi chubwi linagonga-gonga chini na mshipi umeinama kwenda mbali, ni jepesi mno. Badilisha, usingoje.

Ndoana: namba 8 kwa chaa na tafi, namba 4 au 6 kwa changu na tewa wadogo. Nunua 40, maana nusu zitapotea. Za watoto zote bana kigumba (kile kijino cha nchani) kwa koleo kabla ya kutoka nyumbani. Samaki mmoja mmoja atachomoka, lakini ndoana ikiingia kidoleni inatoka ilikoingilia bila kupasua.

Bibi na babu: fimbo ya mita 2 yenye rili, kwa sababu vidole vyenye baridi yabisi haviwezi kukusanya mshipi wa mkono. Hapo tumia 0.35 moja kwa moja. Rili fungueni breki kiasi cha kwamba ukivuta mshipi kwa mkono unatoka kwa ugumu kidogo. Breki ikikazwa kabisa, kolekole wa kilo 2 humng'oa mzee kitini.

Chambo cha watu 11 kwa asubuhi moja: kilo 1 ya kamba wadogo na nusu kilo ya ngisi. Kamba menya, kata vipande vya sentimita moja. Samaki wanampenda lakini huchomoka upesi. Ngisi kata utepe wa sentimita 1 kwa 5, mgumu, anabaki kwenye ndoana hata baada ya kuguswa mara tatu. Watoto wapeni ngisi. Chambo kikae ndani ya gunia lililoloa, kivulini. Kikianza kunuka uvundo, changu hakigusi.

FundiMashua
Naongeza upande wa boti, kwa sababu wengi hukodi boti kwa kutazama rangi na kivuli.

Kabla ya kulipa, mwombe nahodha akuonyeshe leseni yake na cheti cha ukaguzi wa chombo kutoka Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na muulize pia kuhusu kibali cha uvuvi wa michezo. Kisha hesabu majaketi ya kuokolea, usikubali kuambiwa "yapo". Ya watoto yawe na ukubwa wao, uzito ulioandikwa ndani, na ule mkanda wa kupita kati ya mapaja. Jaketi la mtu mzima likivikwa mtoto wa miaka 5, akianguka majini jaketi linapanda na mtoto anabaki chini yake. Jaribuni pale gatini: mvike, umwinue kwa mabega ya jaketi. Likipita masikioni, si lake.

Watu 11 msipande chombo kimoja hata kama kinawatosha. Viwili vidogo ni bora, kimoja kirudi na wazee au mtoto aliyechoka bila kuwavunjia wengine.

Nanga itoke omoni, mbele ya chombo. Kamwe tezini, nyuma, hata kama nahodha anasema ni karibu na injini. Maji yakitembea, chombo kilichofungwa tezini kinapokea mkondo pale kilipo kifupi, na watu wakisogea nyuma kutazama samaki kinajaa. Kamba ya nanga iwe mara tano ya kina: mita 6 za maji, kamba mita 30. Fupi zaidi ya hapo inaburura, na mnajikuta mikokoni.

Viti vya plastiki vya nyumbani msiingize botini. Mzee anahitaji mgongo wa kuegemea, ndiyo, lakini kiti kisichofungwa kinateleza chombo kikiyumba. Mto juu ya ubao wa kukalia, na mgongo uegemee ubavu wa boti.

Mafuta: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Hata ndani ya kriki.

MuuguziLikoni
Niongee na MamaKisauni kuhusu miili ya watu.

Dawa za presha zinazokojoza: kama bibi anameza asubuhi, atataka choo ndani ya saa moja au mbili, na boti halina choo. Asiache dawa, na asinyimwe maji ya kunywa ili ajizuie. Kwenye jua hilo ni hatari. Muulizeni daktari wake kabla ya safari kama anaweza kusogeza saa ya kumeza. Vyovyote vile safari ya wazee isizidi saa mbili na nusu.

Mwenye kisukari avae viatu vilivyofunika vidole, hata gatini. Chaza hukata bila mtu kuhisi kama miguu imekufa ganzi, na kidonda cha maji ya chumvi kikiachwa siku mbili kinageuka kuwa jambo kubwa. Osheni kwa maji safi na sabuni papo hapo. Hakikisheni kila mtu amechanjwa pepopunda.

Kama babu anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kidole kikichomwa bana kwa kitambaa safi dakika 15 bila kufungua kuchungulia.

Miiba: tafi ana miiba yenye sumu mgongoni na tumboni, na ngogo wa baharini mwenye ndevu ndiye mbaya zaidi. Usimshike kwa mkono mtupu kumtoa ndoanani. Kata mshipi. Aliyechomwa atie mkono au mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, kama nyuzi 45, dakika 30 hadi 90. Mtu mwingine apime maji kwa mkono wake, kwa sababu sehemu iliyochomwa inaweza kuungua bila kuhisi. Beba chupa ya chai yenye maji ya moto botini kwa kazi hiyo tu. Akibanwa na pumzi au kuvimba uso, hospitali mara moja.

Ndoana ikiingia karibu na jicho, msiichomoe. Kateni mshipi, funikeni, nendeni.

BintiWaBamburi
Na bunju je? Watoto humpenda kwa sababu anajivimbisha.

MuuguziLikoni
Atazamwe, arudishwe majini, haliwi. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa, kukaangwa wala kutiwa ndimu. Waambieni watoto kabla, na mtu mzima mmoja awe ndiye mwenye kukagua kila samaki anayeingia kwenye kasha la barafu. Mmoja tu, ajulikane ni nani.

JikoLaMvita
Nimewasubiri mmalize, sasa samaki wanakuja jikoni.

Barafu kwanza. Kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, wapangwe tabaka kwa tabaka, na tundu la chini la kasha liachwe wazi maji yatoke. Samaki akielea kwenye maji yaliyoyeyuka analainika. Kibua na nguru ndio wa kuangaliwa sana: wakikaa juani hutengeneza sumu inayowasha ngozi na kuumiza kichwa, na moto hauiondoi.

Tumbueni na kutoa matamvua mara mnapofika, kabla ya kuoga. Kupara kufanyike nje na kichwa cha samaki kielekee upepo unakokwenda, la sivyo magamba yatajaa nywele za watu.

Samaki wa kupaka, watu 11: kilo 4 za changu au tewa, wazima. Wachanjeni mikato mitatu kila upande hadi mfupani. Pakeni thomu (kitunguu saumu) vijiko 3 vya mezani, tangawizi vijiko 2, pilipili, chumvi, ndimu 4. Wakae nusu saa, si zaidi, ndimu inaanza kuwapika. Seredani yenye mkaa uliokwisha moshi, wabanikeni hadi karibu kuiva.

Tui la nazi 5, lile zito la mkamuo wa kwanza tu. Tia bizari ya manjano kijiko kimoja cha chai, thomu, pilipili, chumvi. Moto mdogo na koroga mfululizo upande mmoja hadi liwe zito kama uji wa mgonjwa. Hapo epua, ndipo utie ukwaju uliokamuliwa. Ukitia ukwaju tui likiwa linatokota, linakatika, mafuta yanajitenga na hakuna wa kulirudisha. Paka samaki, rudisha kwenye mkaa, geuza, paka tena. Mara tatu.

Na wazee wasitengewe samaki wenye miiba midogo. Chaa wapeni vijana. Bibi na babu wapewe mnofu wa tewa.

MamaKisauni
Allah awalipe. Swali la mwisho: huyu wa miaka 5, mimi naogopa boti kwake hata na jaketi. Kuna la kumfanyisha gatini?

MshipiWaTudor
Kaa. Huhitaji ndoana hata moja.

Chukua uzi wa katani mita 4, fungia kichwa cha samaki wa jana, ongeza jiwe dogo. Teremsha kando ya nguzo ya gati maji yakianza kupanda, saa ya kwanza na ya pili. Uzi ukianza kutembea pembeni, kaa ameshika. Avute polepole, polepole kabisa, kwa sababu kaa akiona mwanga wa juu anaachia. Mtu mzima awe na wavu wa mpini mrefu, auingize chini ya kaa angali majini, sentimita 20 kabla hajatokeza. Ukingoja atoke majini umemkosa.

Mtoto avae jaketi hata hapo gatini, na afundishwe kwamba kaa hashikwi na yeye. Mtu mzima amkamate kwa nyuma, kidole gumba juu ya gamba na vingine chini, pale ambapo gando halifiki. Jike lenye mayai chini ya tumbo lirudi majini, na wadogo wote warudi. Babu anaweza kuketi kiti chenye mgongo hapo hapo, mita moja kutoka ukingoni, ashike uzi wa pili.

NahodhaWaHori
Na kiti cha babu kikae upande wa magharibi wa gati asubuhi kama kuna mti nyuma ya nyumba upande wa mashariki, kivuli kitamfikia mpaka kama saa 3. Baada ya hapo tundikeni shuka. Mwulizeni mwenye nyumba kabla ya kulipa kama gati lina reli ya kushikia pande zote mbili na kama ngazi imepigwa brashi mwezi huu. Ukoga wa ngazi hurudi haraka.